Rejesho la Saa Nne

Kabla ya Agosti 2022 sikuwa nadaiwa na mtu isipokuwa muuza mkaa, na huyo nilimlipa kila Jumamosi. Tunaishi Mbagala, Dar es Salaam, chumba na sebule, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Nilikuwa nakaanga chapati na maandazi na kuuza chai karibu na kituo cha daladala, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Mume wangu alikuwa bodaboda wa mkataba: pikipiki ya mtu, anapeleka 10,000 kila siku, akimaliza miezi kumi na tano inakuwa yake. Alikuwa kwenye mwezi wa kumi na moja.

Utafiti wa serikali wa mapato na matumizi ya kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya Watanzania walionekana kuwa chini yake. Kwa kipimo hicho sisi tulikuwa juu. Tulikula, watoto walivaa viatu, kodi tulilipa ya miezi mitatu mitatu. Nataka kueleza jinsi familia iliyo juu ya mstari inavyoshuka chini yake ndani ya wiki sita, na ilivyotuchukua karibu miaka miwili kurudi. Kama umeshika kalamu kusaini fomu ya mkopo leo, nakuomba usome kwanza.

Jioni moja gari dogo lilimgonga mume wangu njia panda na halikusimama. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, mfupa ukatokeza nje. Polisi kwanza kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda kutibiwa, halafu hospitali. Pikipiki ilikuwa na bima, na mimi nilidhani bima ni bima. Ile ilikuwa ya mtu wa tatu: inamfidia yule unayemgonga, dereva mwenyewe haimhusu. Mwenye pikipiki alikuja wodini siku ya tatu, akatoa pole na 20,000, akaulizia funguo. Miezi yote ile ya 10,000 kwa siku ikaishia hapo, kwa sababu mkataba wao ulikuwa wa mdomo. Kama mumeo au mwanao anaendesha kwa mkataba, uandikwe, na iandikwe pia itakuwaje chombo kikipata ajali kabla hajamaliza.

Upasuaji na chuma cha kuunga mfupa tuliandikiwa 1,100,000. Akiba yetu ilikuwa 220,000. Ndugu walichanga 350,000. Wenzangu wa mchezo, tunaochangishana na kupokea kwa zamu, walikubali nipokee mapema, 200,000. Zikabaki 330,000 za kutafuta.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na sikulijua mpaka mwaka uliofuata. Hospitali za serikali zina ofisi ya ustawi wa jamii. Asiye na uwezo anakwenda pale, anahojiwa hali yake, anaweza kupunguziwa, kusamehewa, au kupangiwa alipe kidogo kidogo. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwa sababu niliona aibu kutamka "sina" dirishani na nyuma yangu kuna foleni ya watu. Kama una mgonjwa wodini na fedha hazitoshi, uliza ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi kabla hujamuuliza mtu yeyote nani anakopesha.

Mimi niliuliza nani anakopesha. Jirani akanipeleka.

Ofisi yenyewe ilikuwa fremu moja yenye meza na benchi. Kijana aliyekaa pale alikuwa na adabu, aliniita mama, akanipa pole ya mgonjwa. Akafungua fomu, akauliza, "Mama, kwa siku unauza kiasi gani?" Nikajibu 32,000, na kweli siku nzuri nilikuwa nauza hivyo. Akaandika. Hakuuliza nabaki na ngapi. Na mimi, mtu wa miaka sita kwenye biashara, nilikuwa sijawahi kujiuliza. Ngano kilo tano 11,000, mafuta lita moja 8,000, mkaa 2,500, sukari na majani ya chai 2,000. Jumla 23,500. Nilikuwa nabaki na 8,500, na ndani yake tule.

Mkopo ulikuwa 300,000. Wakakata 6,000 ya fomu na 30,000 wakaiita akiba ya dhamana, kwamba nitarudishiwa nikimaliza. Nikatoka na 264,000. Rejesho 13,000 kila siku kwa siku 30, linapelekwa kabla ya saa nne asubuhi, Jumapili ikiwemo. Mwisho wa mwezi niwe nimelipa 390,000.

Mtu anayebaki na 8,500 alisaini kupeleka 13,000 kila siku. Sikuwa mlevi wala mpumbavu. Nilikuwa sijalala siku tano, na mfukoni nilikuwa na karatasi ya hospitali.

Hesabu ya mikopo hii, ambayo mtaani tunaiita kausha damu, ina jambo la pili ambalo wengi hatulioni. Unarudisha kila siku, kwa hiyo ule mzigo wote hukai nao mwezi mzima. Siku ya 15 nilikuwa nimeshawarudishia 195,000. Hata kama ningeacha zile 264,000 zikae kabatini bila kuguswa, siku hiyo ningekuwa nimebakiwa na 69,000, huku nikiendelea kulipa riba ya mkopo mzima wa 300,000. Nyumbani kwetu hazikukaa hata saa moja; zilikwenda moja kwa moja dirishani hospitali, na pungufu nikaliziba kwa kuuza redio na simu ya mume wangu. Mkopo wa biashara uliingia kwenye mguu. Mguu hauzalishi rejesho.

Wiki ya kwanza nililipa kwa kuchota mtaji. Wiki ya pili nilipunguza ngano kutoka kilo tano hadi tatu, mauzo yakashuka. Wateja wakikuta chapati zimeisha saa mbili, kesho yake wanakwenda kwa mwingine. Siku ya kumi na nane sikuwa na kitu, nikachukua mkopo wa pili kwa mkopeshaji mwingine, 200,000 za kurudisha 260,000, ili nilipe ule wa kwanza. Novemba nikaingia kwenye kikundi cha akina mama kinachokopeshwa na kampuni, 400,000, marejesho 17 ya 30,000 kila Jumanne. Ule wa kwanza nao, kila nilipokaribia kuumaliza, walinishawishi wauhuishe, yaani wanakata deni lililobaki, wananipa kidogo kilichozidi, na hesabu inaanza upya. Mtu aliyezama anaona ule udogo anaopewa siku hiyo, haoni siku thelathini mpya zilizofunguliwa.

Januari 2023 nikakopa kwa simu. Programu ile iliomba ruhusa ya kuona namba zangu zote, nikabonyeza ndiyo. Ilinipa 50,000 kwa siku saba, nirudishe 68,000. Siku ya nane ujumbe ukatumwa kwa watu wangu: kwa baba mkwe wangu Ruangwa, kwa mwalimu wa binti yangu, kwa mteja anayenunua chapati kumi kila Ijumaa. Waliandika jina langu na kwamba nimetoroka na fedha za watu, mwambieni alipe. Baba mkwe akanipigia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, umeiba?" Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wakati wangu orodha hiyo haikuwepo. Sasa ipo: kabla ya kupakua chochote, angalia kwanza anayekukopesha ana leseni ya Benki Kuu, na programu inayotaka kusoma namba za watu wako iache, hata kama unahitaji fedha namna gani.

Sasa niseme jambo ambalo limenichukua muda mrefu kuliko yote kuliandika.

Kwenye kikundi tulikuwa wanawake ishirini na mmoja, na kila mmoja ni mdhamini wa wenzake. Huu utaratibu wa kudhaminiana ulipata sifa kubwa kule Bangladesh, kwa Muhammad Yunus na benki ya Grameen, ambao walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006. Wazo lake lilikuwa kwamba maskini hana hati ya nyumba, basi dhamana yake iwe wenzake. Kwetu ulifanya kazi hivi: Jumanne asubuhi tunakaa chini ya mwembe, afisa anahesabu, zikipungua 30,000 za mmoja wetu haondoki mtu. Tunakaa hapo saa tatu, saa nne, saa sita. Ngano yangu imekandwa nyumbani inachachuka, mwenzangu ameacha mtoto anaumwa, na wote hasira yetu inamwelekea yule mwanamke aliyepungukiwa. Afisa hahitaji kusema neno. Sisi ndio tunasema.

Desemba alipungukiwa mwenzetu mmoja, muuza nguo za mtumba, mjane. Alipungukiwa mara mbili mfululizo. Mwenyekiti akasema twende kwake. Tulikwenda saba. Ndani kulikuwa na kitanda, begi la nguo, na mtungi mdogo wa gesi na jiko lake juu, na kwenye jiko sufuria ya maharage ilikuwa inachemka. Mwenyekiti akazima gesi. Mtu mmoja akaiteremsha sufuria chini, kwa uangalifu, asimwage. Mimi na mwingine tukashika mtungi, yeye upande ule, mimi upande huu, tukaubeba mpaka barabarani. Bado ulikuwa wa moto juu. Yule mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Jamani, yaive kwanza."

Hatukusubiri yaive. Nilikuwa nataka kurudi kwenye chapati zangu kabla ya saa tano.

Machi walikuja kwangu. Nilijua wanakuja, nikatoka alfajiri nikajificha kwa wifi yangu Mkuranga, nikamwacha mume wangu na magongo yake awapokee. Hilo nalo silijivunii. Walibeba godoro la watoto, televisheni, na chuma cha chapati. Kile chuma nilikinunua kwa mhunzi wa mtaa wa Gerezani mwaka 2016, kimeiva, chapati haigandi. Walijua vizuri bila hicho siwezi kupata hata mia ya kuwalipa, lakini wakati ule hakuna anayefikiri. Na mimi sikufikiri nilipobeba mtungi.

Wifi yangu ni fundi cherehani. Hakunipa fedha, kwa sababu hakuwa nazo, na nadhani ilikuwa heri. Alinipa daftari la mwanawe na kalamu. "Wifi, kabla hujalia tena, niandikie unadaiwa na nani, kiasi gani, na tangu lini. Usinifiche hata la mangi wa dukani." Nilikataa. Nikasema najua kichwani. Akasema, "Kichwani ndiko kunakokuua." Nikaandika. Mkopo wa kwanza 143,000. Wa pili 187,000. Kikundi, marejesho manane yaliyobaki, 240,000. Programu ya simu 68,000. Dukani kwa mangi 46,000. Kodi ya nyumba 80,000. Jumla 764,000. Kwa miezi sita nilikuwa nahisi nadaiwa mamilioni. Namba ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na mwisho, na usiku ule nililala.

Kesho yake akanifanya niandike kitu kingine, na hiki ndicho kilichobadilisha namna ninavyouona umaskini. Akaniuliza ngano nanunuaje. Nikamwambia kilo tano kila siku, ya kupimiwa, 2,200 kwa kilo. Kiroba cha kilo 25 wakati ule kilikuwa 45,000, sawa na 1,800 kwa kilo. Mafuta nilinunua ya kupima, robo lita 2,000, lita 8,000; dumu la lita tano lilikuwa 33,000, yaani 6,600 kwa lita. Tukapiga hesabu. Kwenye ngano nilikuwa nazidishiwa 2,000 kwa siku, kwenye mafuta 1,400. Kwa siku 26 za kazi ni 88,400 kila mwezi, na chumba chetu kodi yake ni 40,000. Kwa kukosa 78,000 za kununua kiroba kimoja na dumu moja kwa mkupuo, nilikuwa natozwa 88,400 kila mwezi, miaka yote, bila mtu kunitumia risiti.

Ukishaliona hilo, unaliona kila mahali. Nyumba yetu ina wapangaji sita na mita moja ya LUKU. Bei ya umeme imewekwa kumsaidia mtumiaji mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, auziwe kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Sisi kila mmoja ni mtumiaji mdogo kweli, taa mbili na kuchaji simu, lakini kwenye mita tunaonekana mtu mmoja mkubwa, tunavuka uniti 75, na bei inaruka karibu mara tatu. Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, inakatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeilipia nyumba ambayo si yake. Maji ya ndoo, mkaa wa kopo, sabuni ya kipande, vocha ya mia tano. Watu husema maskini hajui kutunza fedha. Nawaomba watu hao waende dukani siku moja wakiwa na 3,000 tu ya kulisha watu wanne, wajaribu kununua kwa bei ya jumla.

Baba mwenye nyumba wetu, mtu mwema kabisa, mwaka ule ule alikopa benki kwa hati yake ili aongeze vyumba vitatu. Riba za benki kwa mwaka zinazunguka kwenye asilimia 15 au 16. Mimi mpangaji wake nilikopa kwa asilimia 30 kwa mwezi. Tunatumia geti moja. Sina kinyongo naye, lakini naona ni lazima jambo hili lisemwe wazi: fedha ya bei nafuu inamfuata mwenye nacho, na anayehitaji zaidi ndiye anayeuziwa ghali.

Turudi kwenye madeni. Tulikwenda kwa mtendaji wa mtaa, mimi, wifi na mume wangu kwa magongo yake, tukiwa na lile daftari. Nilitetemeka kama mshtakiwa. Mtendaji akawaita wakopeshaji wawili wa kila siku, akawaomba jambo moja, leseni. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Anayekopesha watu, awe kampuni au mtu binafsi, anatakiwa kuwa na leseni chini ya Benki Kuu. SACCOS, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, ziko chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Vikoba, vile vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopeshana, vinasajiliwa kupitia halmashauri. Riba kwa hawa wakopeshaji isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wangu wa 300,000, hiyo ingekuwa 10,500. Mimi nilitozwa 90,000, na fomu juu yake. Mmoja hakuwa na leseni, akalainika pale pale. Mwingine alikuwa nayo lakini hakutaka riba yake ijadiliwe mbele ya watu. Wote wawili wakakubali nilipe deni lililobaki bila nyongeza, kidogo kidogo, na ikaandikwa, tukasaini, mhuri wa mtaa ukagongwa. Ningekwenda pale Oktoba badala ya Machi, ningeokoa nusu ya deni.

Kwa hiyo mambo ya kushika mkononi ni haya. Omba leseni kabla ya fomu, na mwenye leseni halali hakasiriki akiombwa. Chukua nakala ya mkataba, kama hawatoi nakala ondoka. Kila rejesho dai risiti au lipa kwa simu ubaki na ujumbe. Mimi marejesho manne ya taslimu yalikataliwa kwa sababu kijana wa zamu alikuwa ameacha kazi. Na rejesho la siku lisizidi theluthi ya faida yako, nasema faida, si mauzo. Likizidi hapo, huo mkopo utakula mtaji hata ukiwa mchapakazi wa namna gani.

Mei 2023 tulijaribu mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawiwa nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Tukajiunga watano, tukaandika katiba, tukapiga picha za paspoti. Tulipofika ofisini tukaambiwa imesimamishwa tangu Aprili nchi nzima, utaratibu unapangwa upya kwa sababu ya fedha zilizopotea kwenye vikundi hewa. Nilielewa sababu, ila niliumia. Waliokula zile fedha hawakuwa sisi, na waliokosa tukawa sisi. Ilirudi mwaka 2024.

Kilichonisaidia kilikuwa kikoba cha wifi yangu. Hisa 2,000, mwisho hisa tano kwa wiki, na unakopa mpaka mara tatu ya akiba yako kwa riba ndogo ambayo mwisho wa mwaka, kikoba kikivunjwa, inagawanywa kwetu wenyewe. Nilianza na hisa moja moja. Binti wa mangi aliniazima chuma cha chapati. Julai nilikopa 80,000 na sikuigusa kwa kitu kingine chochote: nilipanda daladala mpaka Zakhem, nikanunua kiroba na dumu. Nilipokifungua kile kiroba nyumbani nilikaa chini nikakitazama. Miaka saba ya kukaanga chapati, sikuwahi kuwa na kiroba changu.

Zile 88,400 za kila mwezi, nilizokuwa nazimwaga bila kujua, ndizo zilizolipa madeni. Wa simu na mangi kwanza kwa sababu walikuwa wadogo, halafu ule wa pili, halafu wa kwanza, halafu kikundi. Juni 2024 nikachora mstari kwenye daftari. Sitaki mtu aelewe kwamba kikoba kinamaliza umaskini. Kikoba ni maskini ishirini wanaokopeshana fedha za maskini ishirini. Mvua kubwa ikifurika Mbagala, wote tunatoa fedha wiki hiyo hiyo na sanduku linabaki tupu. Mwaka jana ilitokea. Lakini hakuna aliyezimiwa sufuria.

Kuna gharama ambayo haikuingia kwenye daftari. Binti yangu alikuwa kidato cha pili. Shule haina ada, hilo kweli tangu 2016 limetusaidia, lakini Februari ile nilimwondoa wiki tano akauze maandazi mimi nikikimbizana na marejesho, na baba yake anahitaji wa kumshika kwenda chooni. Akakosa mitihani ya nusu muhula. Alirudi shule, akafaulu mtihani wa taifa mwisho wa mwaka kwa alama za chini kuliko uwezo wake. Hajawahi kunilaumu. Akiona naandika hesabu usiku, huja kukaa pembeni na kunisomea namba.

Na yule mama wa mtumba. Alihama Mbagala mara tu baada ya ile siku. Nilimtafuta mwaka mzima kupitia wauza nguo, mwezi uliopita nikaelekezwa Kongowe. Nilimkuta anapika kwa mkaa, amekaa kwenye kigoda, akanikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunywa. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya mtungi. Akanyamaza, akageuza mkaa, halafu akasema, "Wewe ulishika upande wa mlango."

Nikasema ndiyo, dada.

Mtungi wa ukubwa ule na jiko lake sasa ni kama 45,000. Nilimwachia 20,000 nilizokuwa nazo. Zilizobaki 25,000 nampelekea Jumamosi hii.